Kinu Kisichotwanga Mpunga

Niliondoka Kibiti kwa sababu ya swali moja la darasani. Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari pale mjini, mwaka wangu wa nne kazini, na sura ya mwisho ya kitabu chetu ilihusu atomu na mionzi. Kila mwaka niliifundisha kama nilivyofundishwa mimi, yaani kwa chaki. Nilichora duara, nikachora viduara vidogo ndani yake, nikaandika neno urani, wanafunzi wakanakili. Siku hiyo msichana mmoja wa mstari wa mbele, Rehema, alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu Tunu, hivi wewe umewahi kukiona hicho kinu cha nyuklia, au na wewe ulinakili tu?"

Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa ndio ulikuwa ukweli. Lakini nilirudi ofisini nikiwa na kitu kimenikaa rohoni.

Baada ya miezi kadhaa ikaja barua kutoka wizarani. Walitafutwa walimu wa sayansi wa kwenda Ulaya kwa wiki tatu, kujifunza misingi ya nishati ya nyuklia kwenye kinu kidogo cha chuo kikuu kilichojengwa kwa ajili ya mafunzo. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Kamugisha, mtu wa Bukoba, alikuwa na desturi ya kuziacha barua za wizarani mezani mpaka zigeuke rangi. Hii aliileta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

"Andika," akaniambia. "Wakikukataa, umepoteza wino tu."

Niliandika, nao wakanikubali. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Nilikuwa nimechumbiwa. Mchumba wangu, Salumu, ni mwenyeji wa Salale, kule ndani ya delta. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mwenye akili ya kuchuuza alikuwa anajaribu jambo. Salumu yeye alinunua kamba kwa wavuvi wa kwao, akawapakia kwenye barafu na kuwapeleka Dar es Salaam kwa gari la kukodi. Posa ilikuwa imeshapelekwa kwa wazazi wangu Mbwara na kupokelewa. Kilichobaki ni kupanga siku. Nikaona si adabu kusafiri mbali hivyo bila kwenda kuwaaga wakwe.

Salale tulifika saa nne asubuhi, maji yakiwa yamejaa, boti ikapita vizuri katikati ya mikoko. Mama yake Salumu, Bi. Mwanahamisi, alikuwa uani anatwanga mpunga. Nilimwamkia, akaniitikia kwa furaha, akanipa kigoda. Nikamweleza kwamba ninakwenda Ulaya kusomea kinu.

"Kinu?" Alicheka mpaka akaegemea mchi. "Mwanangu, kinu ndicho kikupandishe ndege? Si hiki hapa! Njoo nikusomeshe bure."

Nami nikacheka. Kisha nikakosea, nikaanza kufundisha. Nikamwambia kinu hicho hakitwangi mpunga. Ndani yake atomu za urani hupasuka na kutoa joto na mionzi. Akaacha kucheka, mchi akauegemeza ukutani.

"Kumbe ndicho kile cha Urusi," alisema. "Nilisikia redioni. Kile kilichopasuka, watu wakakimbia miji yao. Si walisema mionzi ile hukausha vizazi?"

"Hiki ni kidogo sana, mama. Ni cha kufundishia."

"Sumu ndogo nayo ni sumu." Alisema bila hasira. "Mimi nina mabinti sita. Wa kiume ni Salumu peke yake. Sina la kukuzuia, mwanangu. Nenda salama. Ukirudi, tutazungumza."

Kwetu, harusi iliyobakia kupangiwa siku, ukiambiwa juu yake "tutazungumza," unajua imewekwa pembeni. Ndani ya boti, tukiwa tunarudi, nilimwuliza Salumu kama naye anaogopa. Alikuwa anafunga kamba ya turubai, akaendelea kuifunga kwanza.

"Kidogo," akasema.

Nilimshukuru kwa jibu hilo. Angeniambia haogopi kabisa, ningelia.

Alhamisi ya safari, Salumu ndiye aliyenipeleka Dar es Salaam, kwa lile gari la kamba. Begi langu lilikaa nyuma na masanduku ya barafu, mimi nikakaa mbele na koti langu mapajani. Koti hilo nililipata kwenye mitumba ya Kibiti, baada ya kupekua rundo zima, zito, la kijivu, lenye vifungo vikubwa kama visosi. Muuzaji alikuwa amekata tamaa ya kulipatia mnunuzi, akaniuliza kama ninataka kuliweka kwenye banda la kuku. Kuanzia Bungu njia ilikuwa mchanga mtupu, na kila gari lilipozama tulishuka tukasukuma. Tulipofika uwanja wa ndege barafu ilikuwa imeyeyuka na maji yake yameingia kwenye begi. Nilipanda ndege ya kwanza maishani mwangu nikinukia kamba. Bwana aliyekaa jirani yangu alivuta pumzi mara mbili, kisha akaomba abadilishiwe kiti, nami nikapata viti viwili, nikanyoosha miguu mpaka asubuhi.

Mji niliokwenda upo katikati ya Ulaya, na una mto mkubwa. Nilifika Novemba, majani ya miti yote yamedondoka. Mara ya kwanza nilidhani miti ile imeungua. Baridi yake sina namna ya kuwaeleza watu wa nyumbani, ila niseme kwamba pua iliniuma kama imebanwa na mlango. Kule uwanjani alinipokea mkufunzi wetu, Bi. Renata, mama wa makamo mwenye nywele fupi zenye mvi na mwendo wa haraka. Alinisalimia kwa Kiingereza, kisha akalishika koti langu kwenye mkono.

"Marehemu mama yangu alikuwa na koti kama hili hili," alisema.

"Huenda ni lenyewe," nikamjibu. Nikamweleza mitumba ni nini na jinsi nguo za kwao zinavyofika kwetu ndani ya robota. Alicheka hadi watu wakageuka. "Basi umelirudisha kwao," akasema, na tangu hapo tukawa marafiki.

Asubuhi ya siku ya kwanza tulikusanyika wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja na nchi yake. Nilipangwa kufanya kazi na Dilani, mwalimu kutoka Sri Lanka, aliyekuwa anasikia baridi kuliko mimi na amevaa soksi tatu. Kabla ya kuingia, kila mtu alipewa beji ya kubandika kifuani. Bi. Renata alituambia beji ile ni shahidi: ndani yake mna kitu kinachoonyesha mionzi mtu aliyoipata, na mwisho wa mafunzo kila mmoja atapewa majibu yake kwa maandishi. Niliibandika yangu kwa uangalifu, nikiwaza Salale.

Chumba chenyewe kilikuwa kikubwa kama ghala la korosho. Katikati pamesimama mnara wa zege, na ndani yake kisima cha maji yenye kina cha mtu mrefu mara tatu na zaidi. Kinu kipo chini kabisa. Tulipanda ngazi tukachungulia. Maji yalikuwa safi hata ukaona kama ungeweza kunyoosha mkono ukagusa zile fimbo za urani zilizopangwa kwa duara, kama mabua ya mtama yaliyofungwa pamoja.

"Hayo maji ndiyo ukuta wetu," alisema Bi. Renata. "Mionzi inachoka humo kabla haijatufikia."

Sikumwamini. Nasema kweli, nilikuwa mwalimu wa fizikia na sikumwamini. Nilisimama hatua mbili nyuma ya wenzangu.

Nadhani aliliona hilo, maana mchana wake alitupa kipima mionzi, kisanduku chenye mrija, na chembe ya madini yenye mionzi iliyofungwa ndani ya kidude cha plastiki. Hatukuambiwa lolote zaidi ya "chezeni, kisha mniambie." Tulipokisogeza kipima karibu, kikalia kwa kasi kama mahindi yanavyopasuka kikaangoni. Dilani akaweka karatasi katikati, sauti ikapungua kidogo. Akaweka bamba la bati, ikapungua zaidi. Tukaweka bamba la risasi, ile metali nzito, ikabaki ile milio ya hapa na pale ambayo ilikuwepo hata kabla ya kuileta ile chembe. Kisha tukaondoa vyote tukarudi nyuma, hatua moja, mbili, tatu. Kila tulipoongeza umbali mara mbili, milio ilishuka hadi robo. Nilikuwa nimeifundisha kanuni hiyo miaka minne. Siku hiyo niliisikia kwa masikio yangu.

"Na hii inayobaki inatoka wapi?" Dilani aliuliza, tukiwa tumefika mwisho wa chumba na kipima bado kinalia kimoja kimoja.

"Kwenye sakafu," alisema Bi. Renata. "Kwenye kuta, angani, ndani ya mifupa yako. Haijawahi kukosekana tangu dunia iwe dunia. Ndiyo maana swali la kwanza si kama ipo. Swali ni kiasi gani."

Neno hilo, kiasi gani, nililiandika nikalipigia mstari.

Wiki ya pili ilikuja kazi tuliyokuwa tunaingojea, ya kukiwasha kinu. Nitaieleza kwa namna nilivyoielewa mimi. Urani ikipasuka hutoa chembe ndogo ziitwazo nyutroni, na nyutroni hizo zikigonga urani nyingine, nayo hupasuka na kutoa zake. Kuna fimbo maalumu zinazonyonya nyutroni. Zikiwa zimeshushwa, kinu kimelala. Ukizipandisha kidogo kidogo, kizazi cha nyutroni kinaanza kushika. Nilifikiria ukoo: kila mama akiacha binti mmoja naye akazaa, ukoo hautakua wala hautakufa, utaendelea tu. Kinu kikifika hapo ndipo kinajitegemea. Niliuandika mfano huo wa mama na binti kwenye daftari, kisha nikajicheka, kwa kuwa nilijua ni nani aliyekuwa amekaa kichwani mwangu.

Kazi yetu ilikuwa kutabiri fimbo itafika kimo gani ndipo kinu kijitegemee. Unapandisha fimbo hatua moja, unasubiri, unahesabu nyutroni, unagawanya moja kwa hesabu hiyo, unaweka nukta kwenye karatasi ya grafu. Nukta zinashuka kuelekea chini. Pale mstari wake utakapogusa sakafu ya grafu, ndio utabiri wako. Kundi litakalokaribia zaidi, Bi. Renata alisema, litakaa kwenye kiti cha mwendeshaji na kukiwasha lenyewe.

Makundi mengine yalitumia kompyuta. Mimi na Dilani tulipata penseli na rula, kwa kuwa kompyuta hazikutosha, nami sikusikitika. Penseli na rula ndizo vifaa vya shule yangu. Nukta tatu za kwanza zilikaa vizuri. Ya nne ikaruka juu ya mstari.

"Tumekosea hesabu," Dilani alisema.

Tulirudia hesabu, ikawa ile ile. Nikamtazama yule aliyekuwa anasoma mashine kwa niaba ya wote, kijana mmoja mwenye haraka, na nikagundua kwamba kila fimbo ilipopanda alikuwa anasubiri muda ule ule. Lakini mwenyewe nilikuwa nimeona sindano ya mashine bado inapanda polepole alipoandika. Kadiri kinu kinavyokaribia kujitegemea, ndivyo hesabu inavyochelewa kutulia. Namba ile ilikuwa imechukuliwa mapema.

Ilibidi ninyooshe mkono mbele ya watu kumi na mmoja na kusema kwamba namba iliyokwisha kuandikwa ubaoni si sahihi. Kiingereza changu kikanikimbia, nikasema kwa kifupi tu, "Tafadhali, tusubiri zaidi. Haijatulia."

Bi. Renata akatazama sindano, akatazama saa yake ya mkononi, akasema, "Tusubiri."

Tulisubiri. Hesabu ikapanda, ikapanda tena, ndipo ikatulia. Nukta ya nne ikarudi kwenye mstari kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Utabiri wetu, mimi na Dilani, ulikaribia kuliko wa wote.

Kwa hiyo saa nane mchana ule, mimi, Tunu wa Mbwara, binti wa mkulima wa mpunga na ufuta, nilikaa kwenye kiti cha mwendeshaji wa kinu cha nyuklia. Mbele yangu kulikuwa na vitufe na vipimo vingi vya sindano. Bi. Renata alisimama nyuma ya bega langu. "Pandisha fimbo kidogo, achia, tazama," alisema. Nilipandisha, nikaachia, nikatazama. Sindano ikapanda. Nikapandisha tena. Furaha ikanizidi, kidole kikakaa kwenye kitufe muda mrefu kuliko ilivyotakiwa.

King'ora kikalia. Taa nyekundu ikawaka, nikasikia kishindo kizito chini kwenye maji, na sindano zote zikaanguka.

Niliondoa mikono kana kwamba nimegusa chungu cha moto. Nikajua nimekiharibu. Nikaona tayari jinsi nitakavyorudishwa nyumbani, na jinsi redio itakavyotangaza, na Bi. Mwanahamisi atakavyosikiliza. Machozi yalikuwa karibu sana.

Nilipogeuka, Bi. Renata alikuwa anapiga makofi.

"Vizuri sana!" alisema. "Somo hili nililipanga la kesho. Mmeona? Habari ilikuwa bado haijafika hata kichwani mwa Tunu kwamba amekosea, mashine imeshajizima. Iliona nguvu inapanda haraka mno, ikaziachia fimbo zote zikaanguka. Kinu cha kufundishia kimejengwa kwa ajili ya watu wenye furaha nyingi vidoleni."

Wote walicheka, na mimi nikacheka huku nimeshika kifua. Alinirudisha kitini. "Tena," akasema. "Sasa unajua mpaka uko wapi."

Mara ya pili nilipandisha kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtungi wenye ufa. Sindano ilipanda taratibu, kisha nikaituliza, ikasimama wima pale nilipotaka. Kinu kilikuwa kinajitegemea, na mimi ndiye niliyekiwasha.

"Sasa nendeni mkaone," alisema Bi. Renata, akamwachia mwendeshaji wa kinu aongeze nguvu. Tulipanda ngazi, taa za chumba zikazimwa. Safari hii sikusimama nyuma. Chini kabisa ya maji, kuzunguka zile fimbo, kulikuwa na mwanga wa buluu. Nimetafuta cha kuufananisha nacho na nilichokipata ni ule mwali wa jiko la mafuta ya taa linapowaka vizuri, bila moshi. Lakini huu haukuchezacheza, ulitulia tu ndani ya maji, kimya. Dilani alinishika mkono. Nilikuwa nimechora viduara ubaoni miaka minne, na kumbe vilikuwa vizuri hivi.

Siku ya mwisho tulipewa majibu ya beji zetu. Bi. Renata alinikabidhi yangu mwenyewe. "Umepata mionzi mingi zaidi ndani ya ndege ulipokuwa unakuja kuliko humu kwetu," alisema. "Huko juu hewa ni nyepesi, mionzi ya angani inakufikia." Nikamweleza habari ya Salale, ya mama mkwe na ya kizazi. Hakucheka. Alifikiri, akaenda kabatini, akarudi na kipima mionzi kidogo cha zamani, kimekwaruzika, kinachotumia betri za tochi. Walikuwa wanataka kukitupa.

"Karatasi yangu haitamsaidia mtu ambaye hanijui," alisema. "Mpe asikilize mwenyewe."

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, saa moja asubuhi, afisa wa forodha alikitoa kwenye begi langu, akakigeuza geuza. "Redio hii?" aliuliza. Nikamwambia inapima mionzi. "Ina stesheni ngapi?" Nikakiwasha, kikalia: ti... ti, ti... ti. Alisikiliza kwa makini, akanirudishia. "Stesheni moja tu, na haina muziki," akasema. "Pita, dada."

Salumu alinipokea nje. Tuliulizana hali kama watu waliotengana mwaka. Nikamwomba tusilale Kibiti zaidi ya usiku mmoja. Nilitaka kwenda Salale kabla ujasiri haujaniisha.

Tulifika Salale Jumamosi mchana, baada ya adhuhuri. Baba yake Salumu, Mzee Abdala, alikuwa barazani anashona nyavu, na Bi. Mwanahamisi alikuwa jikoni. Walitukaribisha kwa wali na kamba wa nazi, wakaniuliza habari za baridi na chakula cha kule. Juu ya kinu hakuna aliyeuliza. Tulipomaliza kunawa nikatoa ile barua ya beji, nikaisoma, nikaitafsiri. Bi. Mwanahamisi alisikiliza kwa heshima.

"Vizuri," alisema. "Lakini hiyo wameiandika wenyewe wenye kinu. Watasema kinu chao kibaya?"

Hata mimi ningeuliza hivyo. Nikatoa kipima, nikakiwasha, nikakiweka mkekani. Ti... ti. Ti.

"Mama, hiki kinalia kikikutana na mionzi. Sikiliza kinavyolia hapa chini." Nikakisogeza kwenye udongo wa ukuta, kwenye mtungi wa maji, kwenye gunia la mpunga. Milio ile ile, ya pole pole. "Hii ipo kila mahali, ni ya Mungu. Sasa sikiliza." Nikakiweka kifuani mwangu, kisha tumboni. Wote waliinama kusikiliza. Ti... ti, ti... ti. Haikuongezeka.

"Kiweke kwangu," alisema mama. Nikakiweka. Ikawa ile ile. Akakiangalia, akaniangalia.

Mzee Abdala hakuweza tena kuvumilia. "Lete nami," alisema, akakichukua, akaanza kuzunguka nacho nyumba nzima. Alipima nyavu, akapima viatu, akampima Salumu kichwani, akasema hamna kitu, tukacheka. Akaingia chumbani. Mara tukasikia kipima kinapiga kelele, mfululizo, kama mvua ya mawe juu ya bati.

Mzee akatoka mbio, kipima mkononi, macho yamemtoka. "Humu ndani mna kinu!"

Bi. Mwanahamisi alisimama wima. Salumu akanitazama, na mimi nikakichukua kipima nikaingia chumbani. Nilipita na kipima taratibu mpaka nikafika kwenye rafu. Hapo palikuwa na karabai yao, ile taa ya mafuta ya kupampu, na kando yake boksi la vile vifuko vyeupe vya kitambaa vinavyofungwa ndani ya karabai na kuwaka. Nikasogeza kipima kwenye boksi, kikapiga kelele. Nikarudi nyuma hatua mbili, kikatulia. Nikakaa kitandani kwa wakwe bila kukaribishwa, nikacheka kwa kuishiwa nguvu.

Nilitoka na boksi, nikaliweka kwenye ncha ya mkeka, mbali nao kidogo. Nikawaeleza kwamba vifuko vile hutiwa madini yaitwayo thori ili vitoe mwanga mweupe, na madini hayo yana mionzi. Nikamwonyesha mama: karibu, kelele, hatua mbili, kimya. Nikamwambia mionzi yake ni kidogo, vifuko haviwezi kumdhuru mtu kwa kukaa tu kwenye rafu, ila wasivitie mdomoni, wasivute vumbi lake vikivunjika, na wanawe mikono wakishabadilisha. "Swali si kama mionzi ipo, mama. Swali ni kiasi gani."

Bi. Mwanahamisi hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa anatazama karabai.

"Karabai tunayo tangu niolewe," alisema taratibu. "Vifuko vile nimevifunga mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Kila msimu." Akanyoosha vidole akaanza kuhesabu. "Mwanaidi. Zena. Fatuma. Salumu. Asha. Hadija. Na kitindamimba wangu, Sikujua." Akasimama kwenye kidole cha saba. "Wote saba, na mionzi imo chumbani!"

Alicheka, kicheko kile kile cha siku aliyonitania juu ya kinu, akampiga mumewe begani. "Abdala, umesikia? Ingekuwa inakausha, si ningekauka mimi!"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba hoja hiyo kisayansi ina kasoro, kwamba kiasi kikubwa kinadhuru kweli, na watu wa kule Urusi hawakuogopa bure. Salumu akanikanyaga mguu.

Lakini mimi ni mwalimu. Nilimwacha acheke kwanza, kisha nikamwambia hayo yote kwa upole, kwamba mionzi mingi ni hatari na yeye hakukosea kuogopa, ila hiyo niliyoipata mimi si mingi. Alitikisa kichwa kukubali. "Basi ungeniambia hivyo tangu mwanzo," alisema. "Ulikuja hapa unaniambia habari za kupasuka."

Alikuwa na haki. Jioni ile, tukichambua mchele pamoja, nililifikiria sana jambo hilo. Nilikuwa nimekwenda mbali kujifunza urani inavyofanya kazi, na nilijifunza. Lakini kwanza nilijifunza kwamba mimi mwenyewe, mwenye vyeti vyangu, nilisimama hatua mbili nyuma mpaka niliposikia kwa masikio yangu. Mama huyu alistahili kupewa kile nilichopewa mimi: asiambiwe tu aamini, apewe kifaa ashike. Tangu nirudi sijafundisha tena ile sura kwa chaki peke yake. Kipima kinapita mkono kwa mkono darasani, na kila mwanafunzi anajipima mwenyewe kwanza.

Jumapili asubuhi maji yalijaa mapema, tukaondoka. Majirani walikuwa wameshasikia, na wanawake wanne watano walikuja ufukweni wakitaka kupimwa kama wana maradhi. Niliwaambia kipima hakijui maradhi, kinajua mionzi tu. Wakasikitika kidogo, wakapimwa hivyo hivyo, wakaridhika.

Bi. Mwanahamisi alitusindikiza ufukweni, lakini hakuwa amesema neno juu ya harusi, na mimi sikuthubutu kuuliza. Boti ilipotoka ilibidi tuzunguke kichaka cha mikoko, na tulikuwa karibu kumpoteza machoni alipoinua mkono akaita, sauti yake ikivuka maji yote yale.

"Mwalimu! Tukishavuna mpunga, uje na wazazi wako tupange siku! Hiyo mashine uiache Kibiti!"